Ananiita bahati ya timu, lakini nyumbani ananipita kama mpangaji mwenzake tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu chuoni, nasoma takwimu. Nakuandikia usiku wa manane kwa sababu huo ndio muda wangu wa kufanya kila kitu, na ugomvi wote ulianzia hapo.

Mwaka huu hosteli zilijaa, tukapanga nyumba nje ya chuo. Vyumba vitatu, sebule moja, jiko moja, bafu moja. Tuko mimi, rafiki yangu wa kike niliyeanza naye chuo, na kaka mmoja aliyeingia dakika za mwisho baada ya mwenzetu mwingine kuahirisha masomo. Kwa sura nilikuwa simjui, ila kwa jina kila mtu anamjua, ndiye nahodha wa timu ya chuo ya mpira wa kikapu. Basi nimwite Nahodha.

Mwanzoni hatukuivana hata kidogo. Yeye anaamka saa kumi na nusu alfajiri kwenda mazoezini, mimi nalala saa nane, saa tisa usiku. Ndiyo kwanza usingizi umeninogea, nasikia mlango wa bafu, ndoo, maji, kisha mpira unadunda koridoni hadi mlango wa nje, kwa sababu eti mkono wake hauwezi kushika mpira ukatulia. Jezi zenye jasho anaanika kwenye viti vya sebuleni. Yeye naye alikuwa na yake: naacha taa inawaka usiku kucha, naongea peke yangu nikipiga hesabu, vikombe vyangu vimetapakaa nyumba nzima. Tukawa tunabandikiana vikaratasi kwenye jokofu. "Bibi Takwimu, zima taa, wengine ni binadamu." Nami najibu, "Bwana Mpira, wengine pia wanalipa kodi." Rafiki yetu alikuwa anavisoma anacheka, anasema siku moja tutaoana. Nilimwambia bora niolewe na lile jokofu.

Kilichobadilisha mambo ni sapu, yaani mtihani wa marudio. Alifeli somo la takwimu, na kwenye timu yao ukifeli unawekwa benchi. Akaja kunigongea mlango kwa adabu ambayo sikujua anayo. Tukaanza kusoma mezani sebuleni kila akirudi mazoezi ya jioni. Alikuwa anasinzia juu ya daftari, namwamsha, anaomba radhi, anaendelea. Akafaulu. Baada ya hapo nikagundua kitu: mpira haudundi tena koridoni. Anautia kwenye begi mpaka avuke geti. Hakusema chochote, nami sikusema chochote, lakini tangu siku hiyo nikawa naamka alfajiri kwa kusikiliza kimya.

Nikaanza kwenda kuwatazama wakicheza. Kwa kuwa siwezi kukaa bila kuhesabu, nikawa naandika kila mtupo, umepigwa kutoka wapi, dakika gani, umeingia au umekosa. Nikamwonyesha kwamba robo ya mwisho mipira yake mingi inagonga mbele ya ringi, maana yake miguu imechoka na mpira haufiki. Kocha akaliona daftari, akaniomba niendelee. Sasa kila mechi niko nyuma ya benchi lao.

Nusu fainali ya mashindano ya vyuo walishinda kwa mtupo wake wa mwisho kabisa. Alipita katikati ya watu wote akaja kunikumbatia. Usiku ule, getini, akaniambia ananipenda, akanibusu. Shangazi, nilifurahi mno.

Lakini tangu siku ile simwelewi. Nyumbani ni "mambo", "poa", anaingia chumbani kwake. Nikimuuliza sisi ni nani kwa sasa, anasema, "Subiri fainali ipite, sitaki kichwa changu kigawanyike." Ila siku ya mechi anakuwa mtu mwingine. Ujumbe tangu asubuhi, nikae kiti kilekile, nivae skafu ya bluu niliyovaa nusu fainali. Timu nzima inaniita Bahati. Juzi kati walikuwa na mechi ya kawaida ya ligi, mimi nikawa na jaribio darasani, sikwenda. Wakafungwa kwa pointi moja. Nahodha alikosa mitupo huru miwili mwishoni, ile unayopewa ukichezewa rafu, unapiga bila mtu kukuzuia. Mwenzake mmoja akaniambia mbele yake, "Ungekuja tusingefungwa," naye akanyamaza. Hakunisemesha siku kadhaa. Baadaye nikamwandikia kazi yake yote ya kozi ili apate kupumzika, tukarudi kuwa sawa.

Fainali imebaki wiki mbili, ni jioni, na kesho yake asubuhi nina mtihani. Rafiki yangu wa nyumbani, ambaye hajui habari ya busu, anasema naanza kuwa mjinga. Rafiki mwingine anasema wanamichezo ndivyo walivyo, nivumilie. Shangazi, je, nisubiri fainali kama alivyosema? Ananipenda, au mimi ni hirizi ya timu? Na watu wawili wasiolala saa moja, wasiopenda kitu kimoja, wanaweza kweli kukaa pamoja? Mkataba wa nyumba bado una miezi mingi.

Ni mimi,
Bibi Takwimu

*

Marahaba, mwanangu.

Swali la kama anakupenda nitalifikia. Kwanza nataka ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka ukitumaini sitaiona: umemwandikia kazi yake yote ya kozi. Hapo usirudie tena. Huo ni udanganyifu wa kitaaluma, na kanuni za vyuo vingi humbana aliyeandika sawasawa na aliyeandikiwa. Wewe uko mwaka wa tatu. Kamati ya nidhamu haitakuuliza kama ulikuwa unampenda.

Na kuna jambo lingine hapo linaloniudhi zaidi kuliko kanuni. Tazama mpangilio wake: alinuna, ukaandika, mkawa sawa. Hukusuluhishwa, ulinunua amani. Akinuna tena utaleta nini? Ulipomfundisha kwa ajili ya sapu ilikuwa tofauti kabisa. Alisinzia, alikosea, akaomba radhi, lakini mtihani aliufanya mwenyewe, kwa kalamu yake. Ule ulikuwa msaada, na bila shaka ndio uliomfanya akuheshimu. Hii ya juzi haikumpa hata hiyo heshima.

Sasa habari ya kusubiri fainali.

Wengi watakuambia muache kijana acheze, mambo ya moyo yapo tu. Mimi nakataa. Hebu ifikirie fainali yenyewe. Wakishinda, usiku ule atakuambia maneno matamu kuliko ya getini, na hutajua kama anayesema ni yeye au ni kombe. Wakifungwa, atakuwa na majonzi, na wameshazoea kumtafuta mtu wa kumtwika. Kwa vyovyote vile jibu litatoka kwenye ubao wa matokeo. Wewe unataka litoke kwake.

Kwa hiyo zungumza naye wiki hii. Chagua jioni ya kawaida isiyo na mechi wala mkesha wa mechi, ameshakula, ameshaoga. Mazungumzo ya nusu saa hayajawahi kumkosesha mtu kikapu. Kichwa chake kimegawanyika tayari, kama kichwa cha mtu yeyote aliyembusu mwenzake wa nyumba moja kisha akawa anampita koridoni.

Kuna utafiti mmoja mzee ambao wewe, kwa masomo yako, pengine umeshakutana nao. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha majaribio waliyowafanyia wanaume huko Kanada, kwenye daraja la Capilano. Ni daraja jembamba la kuning'inia, linayumba, na chini yake kuna korongo la mita kama 70. Mwanaume akiwa darajani, msichana anamsimamisha, anamuuliza maswali machache, kisha anampa namba ya simu eti akitaka kujua zaidi kuhusu utafiti. Hayohayo yakafanywa kwenye daraja lingine, imara na la chini. Waliochukua namba kwenye daraja la kutisha walikuwa 18, na 9 kati yao wakapiga. Kwenye daraja tulivu walichukua 16, wakapiga 2 tu. Maelezo ya watafiti ni kwamba moyo wa yule mwanaume ulikuwa unadunda kwa sababu ya daraja, yeye akadhani unadunda kwa sababu ya msichana.

Najua utasema sampuli hiyo haitoshi kumwozesha mtu, na ni kweli. Lakini nusu fainali iliyoamuliwa na mtupo wa mwisho ni daraja la aina hiyo, na mlikuwa juu yake wote wawili. Moyo wako nao ulikuwa unadunda kabla hajafika kukukumbatia.

Sisemi hakupendi. Kusema kweli, barua yako ina ushahidi mzuri kwamba kuna kitu, ila si ule unaoushikilia. Busu la getini lilikuwa na nusu fainali ndani yake. Mpira kwenye begi haukuwa na mtazamaji hata mmoja. Hakukuahidi, hakujisifu, hakubandika karatasi kwenye jokofu kukutangazia wema wake. Aliona unakosa usingizi, akabadilisha mkono wake ambao wewe mwenyewe umesema hautulii. Mimi ningempima kijana huyu kwa mambo ya namna hiyo, ya Jumanne asubuhi. Je, yamekuwapo mengine tangu siku ile? Au mpira uliingia begini na habari ikaishia hapo? Hilo sijui, na barua yako haisemi. (Usianze tu kumfungulia daftari la mapenzi lenye tarehe na asilimia. Nakujua.)

Na wewe mwenyewe nikuulize kidogo: unampenda, au umemzoea? Kuishi karibu kuna nguvu yake. Leon Festinger na wenzake wawili walichunguza nyumba za wanafunzi waliooa katika chuo cha MIT, Marekani, wakachapisha kitabu mwaka 1950. Wale wanafunzi hawakuchagua majirani, walipangiwa tu nyumba. Walipoulizwa marafiki zao ni nani, asilimia 41 ya majirani wa mlango kwa mlango walitajana, na waliokaa miisho miwili ya koridoni ileile asilimia 10. Umbali wenyewe ni hatua chache. Urafiki ulikuwa unafuata milango, na nyumba yako milango yote mitatu inatazamana kwenye sebule moja. Simaanishi mapenzi ya nyumba moja ni ya uongo, watu wamejenga maisha juu yake. Ila mlikwenda wapi nyinyi wawili pasipo na sebule ile wala uwanja? Kama hakuna mahali, nendeni, popote, mchana, bila daftari wala mpira, mkaone kama mna la kuzungumza.

Hii habari ya Bahati ndiyo iliyonikasirisha.

Mitupo huru miwili ilikosa. Katika NBA, ligi ya watu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu, wastani wa mitupo huru kwa miongo mingi umekuwa karibu asilimia 75. Yaani mmoja katika kila minne hauingii, na hao wana makocha wa kuwafundisha kupiga tu. Mchezaji wa kiwango hicho hukosa miwili mfululizo mara moja katika kila mara 16, kwa hesabu ya kawaida unayoijua kuliko mimi. Nahodha wako ni mwanafunzi, mwishoni mwa mechi, miguu imechoka. Daftari lako lenyewe lilishasema mipira yake ya mwisho haifiki. Sababu ya kukosa mlikuwa nayo mkononi, kwa mwandiko wako, na bado wakaichukua skafu ya bluu.

Nikupe habari ya mwanamke mmoja. Tarehe 24 Julai 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, Emil Zátopek wa Czechoslovakia alishinda mita 5,000. Mkewe, Dana Zátopková, alikuwa anasubiri zamu yake ya kurusha mkuki. Akamwomba mumewe ile medali ya dhahabu, akaitia kwenye mkoba wake iwe ya bahati, akaenda kurusha mita 50.47 katika mtupo wake wa kwanza. Naye akapata dhahabu, siku moja na mumewe. Baadaye Emil akajitapa mbele ya waandishi wa habari kwamba mkewe alishinda kwa kuwa yeye ndiye aliyemtia moyo. Dana akamjibu, hivi ndivyo inavyosimuliwa: haya basi, nenda kamtie moyo msichana mwingine tuone kama atarusha mita hamsini.

Nampenda sana mama yule. Medali aliichukua, utani wa bahati aliukubali, lakini jasho lake hakumwachia mtu mwingine. Na ndoa haikuvunjika kwa jibu lile. Waliishi pamoja mpaka Emil alipofariki mwaka 2000.

Kwako wewe mambo yamegeuka. Hukurusha mkuki, lakini ulifanya kazi. Kukaa nyuma ya benchi mechi baada ya mechi, kuandika kila mtupo, kugundua kwamba nahodha anachoka robo ya mwisho na kumwonyesha, hiyo ni kazi ambayo timu kubwa zinaajiri watu kuifanya. Wao wameipokea kazi, wakaipa shukrani skafu. Bahati haina mshahara, haina cheti, haina ruhusa ya kuwa na jaribio darasani. Nenda kwa kocha, peke yako, bila kumpitia Nahodha. Mwambie unataka kutambuliwa kama mtunza takwimu wa timu, akuandikie barua utakayoiweka kwenye maombi yako ya kazi ukimaliza, na awepo mtu wa pili wa kukushikia daftari siku unapokuwa na mtihani. Kocha aliyeona thamani ya daftari hatakataa. Akikataa, daftari ni lako, rudi nalo nyumbani.

Siku ya fainali kaa kiti kingine. Skafu iache kabatini. Mwambie Nahodha mapema, siku kadhaa kabla, kwa sauti ya kawaida, ili isije ikawa kioja cha asubuhi ya mechi. Mchezaji atakayeshindwa kucheza kwa sababu kitambaa kimebadilika rangi ana tatizo la kumpelekea kocha. Na filimbi ya mwisho ikilia, wakishinda au wakifungwa, wapongeze au wape pole, urudi kulala. Mtihani wako ni kesho yake asubuhi. Sherehe zitakuwepo hata keshokutwa.

Sasa, mkikaa kuzungumza, usimuulize "unanipenda?" Atasema ndiyo, na utarudi chumbani ukiwa hujui zaidi ya ulivyokuwa unajua. Muulize hivi: "Mwenzako aliposema ningekuja msingefungwa, mbona ulinyamaza?" Kisha na wewe unyamaze. Usimsaidie kujibu, najua utatamani.

Anaweza kusema alikuwa anajionea aibu mwenyewe kwa ile mitupo, hakuwa na uso wa kumkemea mtu. Hilo linaeleweka, nahodha mwenye umri wake anabeba mengi, na vijana wengi hawakufundishwa kusema "nimekosa" ila kwa kununa. Basi ayarekebishe palepale yalipoharibikia, mbele ya yule yule mwenzake. Hahitaji hotuba, sentensi moja tu inatosha. Akifanya hivyo bila wewe kumkumbusha, una mtu wa kuendelea kumsikiliza. Lakini akikuangalia akasema, "Ila kweli hukuja," hapo sitakuwa na la kukushauri zaidi, maana swali lako la hirizi atakuwa amelijibu yeye.

Na akisema bado anataka kusubiri? Ana haki yake. Ila kusubiri kuwe kwa pande zote mbili. Kama hamko pamoja hadi fainali, basi hakuna ujumbe wa alfajiri, hakuna kiti, hakuna skafu, hakuna kazi za kozi. Si halali uwekwe rafuni nyumbani halafu uwanjani uwe mpenzi.

Umeuliza kama watu wasiolala saa moja wanaweza kukaa pamoja. Hili ndilo dogo kuliko yote. Kwanza una hakika yeye ni mtu wa alfajiri? Mtafiti wa usingizi Till Roenneberg na wenzake waliwahi kuonyesha kwamba mwili wa kijana huvutwa kulala kwa kuchelewa zaidi na zaidi mpaka karibu na miaka 20, ndipo huanza kurudi nyuma. Kijana wa umri wenu anayeamka saa kumi na nusu, mara nyingi kinachomwamsha ni kocha. Huenda huyo mnayedhani mmepishana naye kama usiku na mchana anatamani kulala hadi saa tatu kama wewe. Muulize wakati wa likizo huwa anaamka saa ngapi.

Pili, huyo mtu halali vya kutosha. Mwaka 2011 Cheri Mah na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya wachezaji 11 wa kikapu waliotakiwa kukaa kitandani kwa muda wa saa 10 kila usiku kwa wiki tano hadi saba. Mitupo huru iliongezeka kuingia kwa asilimia 9, ile ya pointi tatu kwa asilimia 9.2, na mbio zao fupi zikashuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5. Halikuwepo kundi la kulinganishia, utanisahihisha, lakini linganisha na skafu. Anayeamka saa kumi na nusu, akitaka saa nane tu za usingizi, inabidi awe amelala saa mbili na nusu usiku. Saa hiyo mlikuwa mezani. Kama kweli mnautaka ushindi, hamishieni vipindi vyenu mchana mwishoni mwa wiki, yeye alale mapema, na wewe taa ya sebuleni uihamishie chumbani kwako.

Kila mtu abaki na chumba chake. Nasema hivi kwa sababu mambo yakienda vizuri, lazima mmoja wenu atapata wazo la kuhamia chumba kimoja ili kodi ipungue. Msithubutu mwaka huu. Mlango wa kufunga ndio utakaokuwezesha wewe kupiga hesabu saa nane usiku naye akalala, na ndio utakaokuokoa siku mmegombana na bafu ni moja.

Mkataba je? Ongeeni sasa, mkiwa bado mnacheka, kwamba mkiachana nani atahama, atatoa taarifa ya muda gani, na ataachiwa muda wa kutafuta mtu wa kuchukua chumba au la. Mkiandika kwenye karatasi ni bora zaidi. Mnaweza hata kuibandika kwenye jokofu, mnao uzoefu. Vijana huona haya kupanga kuachana kabla ya kuanza. Lakini wewe uliingia nyumba hii kwanza, pamoja na rafiki yako, na sitaki kusikia baadaye kwamba ndiye wewe uliyekwenda kulala kwenye godoro la mtu katikati ya mitihani kwa kuwa nahodha ni maarufu na huwezi kumfukuza.

Na huyo rafiki yako. Umeniambia hajui habari ya busu. Anaishi humo ndani, analipa theluthi ya kodi, alisoma vikaratasi vyenu tangu mwanzo, na nina hakika ameshahisi mpaka na siku yenyewe. Mkishazungumza na Nahodha, vyovyote itakavyokuwa, mwambie kabla hajasikia uwanjani. Muulize pia kama kuna jambo linalomkera yeye humo ndani, maana katika barua nzima hakuna aliyemuuliza.

Shangazi yako